Upanga wa Afisa Uliosuguliwa Usiununue

Kosa linalowagharimu zaidi wakusanyaji wapya ni kupenda kinachong'aa. Upanga wa afisa wa askari wa miguu wa Uingereza wa miaka ya 1890, wenye madoa meusi na vumbi la kabatini, ni bora kuliko mwenzake uliopitishwa kwenye mashine ya kung'arisha. Sababu iko kwenye bapa, yaani chuma kirefu chenyewe cha upanga. Nakshi zake, yaani taji, herufi za mfalme au malkia, jina la fundi na pengine nembo ya kikosi, hazikuchongwa kwa patasi. Zilitiwa kwa tindikali, nayo ilikula chuma juu juu tu. Msasa ukipita mara chache, nusu ya historia ya upanga huo imeondoka na hakuna fundi wa kuirudisha.

Bapa lililosuguliwa lina dalili zake. Lielekeze dirishani, uliinamishe polepole, kisha fuata kwa jicho ukingo wa mfereji unaoteremka ubavuni. Ukingo halisi umenyooka kama uzi uliovutwa na mwanga unakatika juu yake ghafla. Uliosuguliwa umelainika kama sabuni iliyotumika, na mwanga unayumba kama maji kwenye sinia. Halafu zima taa, washa tochi na uilaze karibu sambamba na bapa. Nakshi nzima itaonekana kama baridi iliyoganda juu ya kioo. Nakshi iliyoliwa na msasa huonekana vipande vipande, jani hapa, nusu ya herufi pale. Kwangu mimi upanga wa namna hiyo ni wa kuwekwa ukutani kama pambo, na bei yake iwe ya pambo.

Kutambua aina si kazi ngumu kama wengi wanavyodhani. Panga za kuanzia 1822 zina kinga ya mkono ya shaba ya njano iliyopakwa dhahabu, imetobolewa kwa vipindo kama vya madirisha ya kanisa la kale. Mwanzoni mgongo wa bapa ulikuwa wa duara kama bomba jembamba. Kuanzia 1845 mgongo ukawa tambarare, na bapa likawa na mfereji mmoja kila upande. Hadi 1854 sehemu ya ndani ya kinga ilikuwa na bawaba ili ikunjwe, na bawaba hiyo ndiyo ya kwanza kulegea au kupasuka, kwa hiyo ikunje na kuikunjua kwa upole kabla ya kutoa hela. Mwaka 1892 likaja bapa lililonyooka kabisa, la kuchoma zaidi kuliko kukata. Mwaka 1895 ikafuata kinga ya bamba la chuma lililotobolewa, na 1897 ukingo wake wa ndani ukapindwa chini usichane sare ya afisa. Pitisha kidole kwenye ukingo huo: ukiwa haukupindwa, huenda umeshika aina iliyodumu miaka miwili tu.

Aina ya 1897 ina bapa la sentimita 82.5 hivi, upana wa sentimita 2.5, na upanga mzima bila ala huwa kwenye gramu 800 hivi. Pima pia unene kwa kalipa, kipimo chenye taya mbili, maana hapo ndipo panga za kuigiza, nyingi zikitoka India, hujulikana. Bapa halisi ni nene kwenye kinga na hukonda taratibu hadi nchani. Ndiyo maana mkononi linajisikia jepesi kuliko mizani inavyosema. La kuigiza mara nyingi limekatwa kutoka kwenye bamba moja, unene uleule mwanzo hadi karibu na mwisho. Tazama na juu ya kitako cha mpini. Mkia wa bapa, yaani sehemu inayopita ndani ya mpini, unapaswa kutokeza hapo na kugongwa kwa nyundo ukatandazwa. Ukikuta nati ya kisasa, au chuma kimetiwa tupa na kinametameta, uliza ni nani aliyeufungua na kwa nini. Mpini wenyewe hufunikwa kwa ngozi ya samaki, hasa yule aitwaye taa, na kuzungushiwa waya uliosokotwa. Mtu wa pwani anaijua ngozi ya taa: chembe zake hazilingani, moja kubwa, tatu ndogo. Za plastiki zinalingana zote, na mara nyingi kuna mstari wa kalibu ubavuni.

Herufi kwenye bapa na kwenye kinga zikipingana, usikimbilie kusema ni udanganyifu. VR ni ya Victoria, 1837 hadi 1901, kisha Edward VII hadi 1910, kisha George V hadi 1936. Wapo maafisa waliofungisha kinga mpya kwenye bapa la zamani walilolizoea au kulirithi. Nikiona kutu ya rangi moja pande zote mbili za kiungo na mkia ambao haujaguswa, naukubali. Kinga safi juu ya bapa chafu siikubali.

Panga nyingi za Wilkinson, kampuni ya London iliyofua panga, zina nambari mgongoni, karibu na kinga, na daftari za kampuni zilizosalia zinaanzia 1854, hivyo nambari inaweza kutoa tarehe ya kuuzwa na wakati mwingine jina la mnunuzi. Weka karatasi juu yake, sugua kwa penseli, itasomeka hata ikiwa hafifu. Jina la afisa hupandisha bei, kwa hiyo ndilo linaloghushiwa. Herufi za tindikali zina sakafu tambarare yenye chembechembe. Zilizokatwa juzi kwa mashine zina mfereji wa pembe kali unaong'aa katikati ya chuma cheusi.

Makali nayo hutia watu wasiwasi bure. Panga zilinolewa afisa alipoitwa vitani, kama ilivyotokea Agosti 1914, na unoleaji huo ni mwembamba na wa usawa. Mawimbi ya jiwe la umeme ni kazi ya mtu wa baadaye.

Panga za majenerali za mwaka 1831, zenye umbo la kitara, zina mpini wa pembe za ndovu. Uingereza inabana uuzaji wa pembe hizo tangu sheria ya 2018 ilipoanza kutumika mwaka 2022, na Kenya na Tanzania kuingiza au kumiliki pembe bila kibali ni kosa zito. Kwa mkusanyaji wa huku, naona aina hiyo iachwe kabisa.

Ukishanunua, toa bapa kwenye ala ya ngozi na uweke kila kimoja peke yake. Ngozi hunyonya unyevu na chumvi, na kutu huanzia nchani kwa sababu maji hutuama chini ya ala; Mombasa, Tanga au Unguja kazi hiyo huisha msimu mmoja. Kutu nyekundu iondoe kwa mafuta ya cherehani na kitambaa laini, kwa subira ya siku kadhaa. Nyeusi iliyotulia iache. Paka nta nyembamba, shika kwa glavu, na kijiringi cha ngozi kilichoko kwenye kinga usikitupe hata kikichakaa, kwani ndicho kinachoziba mdomo wa ala.