Nora Hakuondoka

Kabla hamjaletewa ile ya kinyozi wa pale stejini, sikieni yangu kwanza. Jamaa anasambaza ati nilitoroka shule ya watu kupitia dirishani. Uongo mtupu. Lile dirisha lina vyuma, na mimi nina kitambi. Nilitoka mlangoni, tena nikichechemea kwa sababu ya goti. Goti nitalifikia.

Mnajua hapa ploti kwetu Umoja mimi huitwa Mwalimu. Sijawahi kufundisha hata kuku, ila nilipata A ya Kiingereza kwenye KCSE na marehemu nyanya alihakikisha mtaa mzima umejua. Tangu hapo, barua za kuomba kazi ni mimi, hotuba za harusi ni mimi, insha za watoto ni mimi. Sikatai. Sifa ni tamu, jamani.

Basi Jumatano moja binti ya jirani, yuko kidato cha tatu, akabisha na swali lake: je, Nora wa A Doll's House alikuwa na haki ya kuiacha nyumba yake? Hiyo tamthilia ya Henrik Ibsen ilitahiniwa hadi 2022, lakini madam wao bado anaitumia kuwanoa. Enzi zetu sisi tulisoma The River and the Source. Niulize habari za Akoko nitakueleza mpaka uombe maji. Nora simjui hata kwa sura. Kitabu chenyewe mtoto hakuwa nacho, wanatumia kimoja watatu na zamu yake ilikuwa Ijumaa. Lakini utasemaje hujui, na mamake amesimama hapo mlangoni na sahani ya chapati?

Nikamwambia ningoje kidogo. Nikaingia chooni na simu. (Ndiyo, chooni. Huko ndiko mtandao hushika.) Bando lilikuwa linapumua pumzi za mwisho. Ukurasa ukafunguka nusu, nikasoma mbio mbio: mume anamvuta Nora hadi mlango wa chumba cha watoto, anawaona wamelala, nguvu zinamwishia, anaanguka pale pale. Haendi popote. Bando likakata roho.

Nikatoka nimejaa hekima hadi masikioni.

"Hili swali ni mtego," nikamwambia. "Nora hakuondoka."

"Lakini anko, madam alisema aliondoka akafunga mlango kwa kishindo."

"Alikuwa anawapima."

Akaandika. Nilimpa hoja nne, nikamchongea utangulizi, na mwisho nikamwambia aweke ile methali ya Kiingereza ya mashariki au magharibi, nyumbani ndiko bora. Methali hiyo, wenzangu wa 8-4-4, mnajua imefunga insha ngapi nchi hii. Chapati nilikula tatu.

Wiki mbili baadaye mtoto akaja na ujumbe: madam anaomba aliyemsaidia na insha afike siku ya wazazi. Mimi huyo! Nilipiga pasi shati mara mbili. Nikaazima tai kwa kinyozi (kosa la kwanza, ndiyo maana alijua). Njiani ndani ya matatu nilikuwa nafanya hesabu ya pesa nitakazodai wakiniomba niwe nafundisha Jumamosi.

Sasa nipeni nafasi niilie hii sehemu polepole.

Darasa limejaa wazazi, tumekaa kwenye madawati ya watoto. Langu lilikuwa la mtoto mwembamba. Goti la kulia lilipita chini ya mbao, la kushoto likagoma, nikalisukuma, likaingia. Madam ni mama mdogo wa umbo, miwani puani, sauti ya chini kabisa. Akainua karatasi. "Nina insha tano hapa ambazo zimenishangaza." Nikanyoosha tai. Tano! Kumbe wenzake walinakili, nuru yangu imeenea! "Zote tano zinasema Nora hakuondoka. Zote tano zinaisha na methali moja." Wazazi wakacheka. Mimi pia nikacheka, Mungu anisamehe, kwa sababu nilidhani ni kicheko cha furaha.

"Aliyewasaidia yuko?"

Nikasimama. Dawati likasimama nami.

Sitanii. Lilikuwa limening'inia kwenye goti, kalamu zinamwagika, babake mtu analivuta huku, mimi navuta kule. Likaachilia kwa sauti ya kitambaa kuchanika. Nikiwa hivyo, madam akaniletea kitabu, kimefunguliwa ukurasa wa mwisho. "Tusomee mstari wa mwisho, Mwalimu." Alijua jina! Nikasoma, na koo limekauka kama githeri ya jana: kutoka chini kunasikika sauti ya mlango ukifungwa.

Kimya. Chaki ilianguka mahali fulani, nikaisikia.

Ndipo mzee mmoja wa nyuma, kofia mkononi, akauliza kwa uchungu wa kweli: "Samahani, mwalimu. Huyu Nora ni wa fomu gani? Ameshapatikana?"

Hapo darasa likaisha. Hata madam alivua miwani akajifuta machozi.

Mengine ni mafupi. Nilimwonyesha nilichosoma, akacheka upya. Kumbe huo mwisho upo kweli: Ibsen aliuandika mwenyewe 1880 kwa ajili ya Ujerumani, kwa kuwa mwigizaji wa huko alikataa kuigiza mama anayeacha watoto wake. Ibsen mwenyewe aliuchukia. Mimi, kati ya kurasa zote za dunia, bando langu likaniletea huo. Watoto walipata 4 kwa 20, zote nne za lugha. "Kiingereza chako ni safi," madam aliniambia, "tatizo ni habari." Nimenunua kitabu cha mtumba pale mjini, nimekisoma chote, insha zimeandikwa upya. Suruali iko kwa fundi. Tai nimerudisha.

Jana jioni nikakutana na yule mzee stejini. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Kijana, yule msichana alipatikana?"

Nikamwambia alipatikana, mzee wangu, yuko salama. Yuko Ujerumani.