MGB ya Shemeji na Kiatu cha Shangazi

Shemeji yangu Mwingereza ana faili la gari nene kuliko faili langu la uraia, na langu si jembamba. Gari lenyewe ni MGB ya 1965, viti viwili, wazi juu, kijani, ringi za spoki, limeundwa pale Abingdon. Ukimtembelea, kabla hujaonja chai ushaletewa faili: stakabadhi, picha za sakafu iliyoliwa na kutu, hati ya usajili inayosema wamiliki sita wamelipitia kabla yake, na cheti cha makumbusho ya magari ya Gaydon kinachoonyesha kwamba lilitoka kiwandani likiwa jeupe.

Shangazi alikuja kutoka Tanga kwa ajili ya harusi ya binamu. Alilipokea faili kama barua ya posa, akavaa miwani.

"Waume sita, mkwe, na wewe wa saba. Rangi nayo si ya kuzaliwa. Sakafu?"

Dada akatafsiri. Mpya.

"Madigadi?"

Mapya.

"Injini?"

Imechongwa upya.

"Sasa cha 1965 hapa ni kipi?"

Shemeji akafikiri, kisha akajibu kwa fahari kubwa: pampu ya petroli.

Siku ya harusi Toyota yake ilijaa keki na wajomba. Akanikatia bima ya siku moja, akanipa funguo za MGB nimfikishe Shangazi kwa heshima zake. Na faili tulibebe, wageni watataka kuliona. (Hakuna mgeni aliyeliulizia.)

Gari hili, ukiwasha swichi tu, kabla ya stata, pampu inaanza kugonga huko nyuma: tik-tik-tik, halafu inapoa kabureta zote mbili zikishajaa. Shangazi alipoisikia akaitika, "Karibu!"

Milton Keynes ni mji wa vipilefti; ukitoka kimoja unaingia kingine. Tukiwa ndani ya kimojawapo gari likakohoa, likazima. Nikalisukuma hadi pembeni na kanzu yangu nyeupe, Shangazi kashika usukani na kutoa amri. Nikawasha swichi. Kimya.

Nikampigia Shemeji. "Fungua faili," akasema.

Mvua nayo ikaanza. Turubai la MGB hii hulivuti ukafunika. Unaanza kwa kusimamisha vyuma, ndipo utandaze kitambaa, ndipo uhangaike na vifungo. Shangazi akafungua mwavuli, tukasoma chini yake.

Mmiliki wa kwanza: platini za pampu zimesuguliwa. Wa pili: pampu. Wa tatu, yule aliyelipaka kijani, aliandika pembeni kwa mkono, "Ikigoma, piga." Wa nne akaongeza, "Kwa nguvu." Wa tano alichora mshale. Wa sita hakuandika kitu. Stakabadhi yake ya kutengeneza pampu ni ya wiki ile ile aliyouza.

Shangazi akalifunga. "Mwanangu, hawa hawakuliuza. Walilikimbia."

Platini zikiungua hazigusani vizuri, umeme haupiti. Kipigo kinazitikisa zikagusana. Sawa, lakini nyundo ya kufungulia ringi ilibaki gereji, na pampu iko uvunguni, mbele kidogo ya gurudumu la nyuma la kulia. Uingereza tunaendesha kushoto. Ukipaki pembeni, kulia ndiko yanakopita malori.

Nikalala kwenye maji, nikaipiga ngumi. Haikujali. Wenyeji wakawa wanasimama, mmoja akiondoka mwingine anakuja, wote kunihadithia kwamba baba zao walikuwa nalo. Mzee mmoja mwenye mbwa akainama. "Pampu?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaendelea na mbwa wake.

"Hebu toka hapo," Shangazi akasema. Akavua kiatu cha kisigino, kile cha harusini, akanikabidhi mwavuli, akachuchumaa, akapitisha mkono. Alikusudia kupiga mara moja kwa kila mume. Kwenye wa nne pampu ikaanza: tik-tik-tik. Akawamalizia na watatu waliobaki, asije akaonekana ana upendeleo.

Tulifika ukumbini kanzu yangu ina rangi ya lami. Shemeji hata hakuitazama. Alitaka kujua ilikubali kwenye kipigo cha ngapi, kisha akatoa kalamu, akalifungua faili juu ya meza ya keki na kuandika: tarehe, mahali, kifaa kilichotumika, fundi.

Shangazi akaomba miwani yake, akausoma mstari wake kwa kidole, halafu akapanda juu kuisoma na mistari ya mafundi wengine.

"Mwulizeni mkwe," akasema. "Mbona kwangu hapa kwenye bei kaacha wazi?"