Punguza Mawazo, Kwa Mkasi Gani?

Mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Tanga. Asubuhi ya pili akanikuta sebuleni, saa kumi na moja kasoro robo, taa imezimwa, nimekaa kwenye mkeka nimenyoosha mgongo kama mwali anayefundwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wafanya nini gizani?"

Nikatafuta neno. Likanijia moja nililowahi kulisoma kwenye makala ya afya, nikalitoa kwa kujiamini: "Natahajudi, mama."

"Mashaallah!" Furaha ya sauti yake ilijaa sebule nzima. "Umeshaswali rakaa ngapi?"

Hata moja. Nilikuwa nahesabu pumzi.

Tangu siku hiyo nina ugomvi na maneno tunayotumia kwa jambo hili, ambalo Waingereza huliita meditation. Tahajudi, kwa Mwislamu yeyote, ni swala ya usiku. Taamuli linanukia vitabu. Tumebaki na kutafakari, na hili ndilo linaloponza wengi, kwa sababu kutafakari ni kuwaza jambo kwa kina. Mtu anatafakari posa, anatafakari kama auze kiwanja. Sasa mwambie mtu asiyelala kwa mawazo akae peke yake gizani atafakari. Si umemwongezea mafuta kwenye moto? Mimi siku hizi nasema tu "kukaa kimya", ingawa mume wangu anadai hilo nalo kwangu ni muujiza.

Chanzo changu kilikuwa Januari, mwezi wa ada. Nilikuwa nalala saa nne vizuri kabisa, ila ikifika saa tisa usiku macho yanafunguka kama yamewekewa alamu. Hapo ndipo mahesabu yanaanza: ada ya mtoto, marejesho ya kikoba, umeme, fundi aliyekula kianzio akapotea na milango yangu. Nikaenda kwa daktari. Akapima presha, akapima sukari, akasema niko salama, nina mawazo tu, niyapunguze. Alisema kwa upole na simlaumu, ila hakunionyesha mkasi. Kinachopunguzwa ni nywele. Mawazo unayashika wapi?

Kwetu neno hilo lina uzito wake. Ukisikia "fulani ana mawazo", hakuna anayedhani fulani ana fikra nzuri za biashara. Maana yake anakonda, halali, ameacha kucheka. Kwa hiyo mtu wa kwetu anapoanza kukaa kimya anakuja na nia moja, kuyafukuza mawazo yaishe. Nami nilikuja hivyo hivyo. Nikapakua programu moja kwenye simu, sauti ya mwanamke ikaniambia kwa Kiingereza laini niwaze ufukwe mweupe, kisha niiache akili iwe tupu. Mimi nimekulia karibu na bahari. Nikiambiwa niwaze ufukwe nasikia harufu ya dagaa na kelele za wapiga debe wa boti. Akili kuwa tupu ndiyo kabisa, haikupita nusu dakika fundi wa milango ameshaingia. Siku ya tatu nikaacha, nikiamini kichwa changu kina hitilafu.

Hakikuwa na hitilafu. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walitumia simu kuwauliza watu 2,250, kwa nyakati za kushtukiza, wanafanya nini na wanawaza nini muda huo. Karibu asilimia 47 ya majibu yalionyesha mtu anawaza kitu kingine, si kile anachokifanya. Yaani nusu ya maisha tuko pengine. Tena watu hao walikuwa na furaha ndogo zaidi akili ilipokuwa imeondoka. Akili inawaza kama moyo unavyopiga, hakuna aliyekaa kitako akauamuru moyo wake usimame.

Basi kazi ni nini? Kazi ni kurudi. Sikulielewa hili mpaka nilipojaribu tena, safari hii bila sauti ya mtu.

Nakunja khanga mbili nzito naziweka chini ya makalio, ili nyonga ziwe juu kidogo kuliko magoti. Usidharau hizo khanga, bila hizo mgongo unapinda na miguu inakufa ganzi ndani ya dakika tatu. Asiyeweza kukaa chini akae kwenye kiti, nyayo zikiwa sakafuni. Pumzi naiacha ijiendee. Siivuti wala siibani, nasikiliza tu inavyopita puani, na kila ninapoitoa nahesabu: moja, mbili, hadi kumi, halafu naanza upya. Wiki ya kwanza sikuvuka nne. Tatu, nne, huyo niko kwa fundi, nimeshamfikisha polisi na nimeshashinda kesi. Nikishtuka hivyo najiambia kimoyomoyo "nimeondoka", bila kujisuta, narudi kwenye moja.

Kushtuka kule ndiko zoezi lenyewe. Mtu anayetwanga mchi wake unashuka na kupanda, na hakuna anayemwambia ameshindwa kutwanga kwa sababu mchi umeshuka. Ukiondoka mara thelathini ukarudi mara thelathini, umetwanga vizuri.

Nilipomweleza mama mkwe haya, baada ya aibu ya rakaa kupoa, hakushangaa hata kidogo. "Hata kwenye swala," akasema, "akili hutoroka ikaenda sokoni, ikanunua nazi, ikapatana bei." Nikamuuliza yeye huifanyaje. "Nairudisha. Tangu sijaolewa nairudisha." Akaniambia hiyo ndiyo khushuu wanayoisema masheikh, yaani utulivu wa moyo ndani ya swala, na kwamba haipatikani mara moja ikawekwa kabatini.

Wapo watakaosema hii ni dini ya watu, tusiiguse. Ni kweli kuhesabu pumzi kuna mizizi katika mafundisho ya Wabudha, na pale Upanga, Dar es Salaam, kuna hekalu lao lililoanzishwa na watu wa Sri Lanka zamani za ukoloni. Wamekaa kimya kando yetu miaka yote hiyo wala hawajamroga mtu. Uganda nako kuna kituo karibu na Entebbe, kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita. Lakini kimya hakina mwenyewe. Kuna John Main, ambaye miaka ya 1950, akiwa kule ambako leo ni Malaysia, alijifunza kukaa kimya kutoka kwa mwalimu wa Kihindu, kisha akawa mtawa Mkatoliki wa Wabenedikto na akagundua kwamba watawa wa Kikristo wa jangwa la Misri walikuwa na jambo kama hilo karne nyingi kabla. Yeye alifundisha watu kurudia neno moja, Maranatha, yaani "Bwana, njoo". Bibi zetu nao wana tasbihi na rozari. Mwenye wasiwasi wa imani na atumie cha kwake, kinachohitajika ni kitu kimoja cha kukirudia.

Kuhusu muda, wengi watakwambia dakika 20. Mimi nasema 5, mwezi mzima, usiongeze hata ukijisikia shujaa. Niliowaona wakianza na nusu saa waliishia wiki. Na ziwe kabla ya kugusa simu, kwa sababu ukishaona kundi la familia limetuma jumbe 46 usiku, huna tena dakika tano wala mbili. Kelele usizisubiri ziishe. Mtaani kwetu kuna bodaboda, majogoo, na kijana mmoja anayeamini singeli ni dawa ya asubuhi. Nasikia, naona nimekwenda kwenye singeli, narudi kwenye pumzi. Ukisinzia fumbua macho utazame sakafu. Ukisinzia kila siku basi deni lako ni la usingizi, nenda kalale.

Nisiuze mbuzi kwenye gunia. Mwaka 2014 jarida la madaktari la Marekani, JAMA Internal Medicine, lilichapisha uchambuzi wa majaribio 47 ya meditation yenye washiriki zaidi ya 3,500. Watafiti walikuta nafuu ndogo hadi ya wastani kwenye wasiwasi, huzuni na maumivu, ila hawakuona ushahidi kwamba njia hii inashinda mazoezi ya mwili au dawa. Mimi matokeo hayo nayapenda kwa sababu yanafanana na yangu. Bado kuna usiku naamka saa tisa. Tofauti ni kwamba sasa, nikiwa katikati ya kesi ya fundi, kuna kitu kinashtuka na kusema "umeondoka". Mara nyingine narudi nikalala, mara nyingine naamka nikachemsha chai. Milango bado haijaja.

Na kuna watu ambao nisingewashauri waanze peke yao. Mwenye msiba mbichi, aliyepitia jambo la kutisha, au aliyefika mahali pa kutotaka kuishi, akikaa kimya anaweza kukutana na kitu kikubwa kuliko yeye. Huyo aanze na daktari au mshauri, pumzi zitamsubiri. Vilevile zile kambi za siku kumi bila kuongea, usizifanye hatua ya kwanza. Hakuna anayejifunza kuogelea katikati ya mkondo wa Pemba.

Leo asubuhi nimefika nane kabla jirani hajawasha pampu ya maji. Mama mkwe ameshakwenda zake Tanga, ila juzi alipiga simu, na baada ya salamu na habari za wajukuu akauliza kama bado nakaa gizani.

"Nakaa, mama. Na siku hizi natanguliza rakaa mbili."

Akanyamaza kidogo. "Mbili tu?"