Utafiti wa Utengamao Kusini: Ufadhili wa Kuondoka na Ufadhili wa Kubaki

Kila msimu wa maombi ya masomo ya nje unapofika, mimi hupokea ujumbe kutoka kwa vijana wanaofanya kazi ya fiziotherapia katika hospitali za Mtwara na Lindi, kusini mwa Tanzania, na karibu wote huuliza jambo moja: "Kaka, huko Marekani kuna ufadhili gani kwa mtu wa utengamao anayetaka kufanya utafiti?" Ufadhili upo, na nitautaja. Lakini kwa muda niliofanya kazi hii hapa Charleston, katika jimbo la South Carolina, nimefikia maoni ambayo huenda yasiwafurahishe wanaoniuliza. Tunatafuta fedha za kututoa kusini, ilhali kinachokosekana ni fedha za kumwacha mtu kusini akiwa na nafasi ya kutafiti.

Nianze na yale ya huku, kwa kuwa ndiyo yanayoulizwa. Utafiti wa utengamao, yaani utafiti unaochunguza namna ya kumrejeshea uwezo wa kujitegemea mtu aliyepatwa na kiharusi, aliyeumia uti wa mgongo au aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari, una mlango wake wenyewe Marekani. Ndani ya Taasisi za Taifa za Afya, zinazofahamika kwa kifupi kama NIH, kuna Kituo cha Taifa cha Utafiti wa Utengamao wa Kitabibu, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1990 na kuwekwa chini ya taasisi inayoshughulikia afya ya mtoto na maendeleo ya binadamu. Nje ya NIH kuna taasisi ya NIDILRR, iliyoanza mwaka 1978 kwa jina jingine, inayofadhili utafiti kuhusu ulemavu na maisha ya kujitegemea. Idara inayohudumia wanajeshi wa zamani ina fungu lake, na wafiziotherapia wenyewe wana wakfu wao wa utafiti unaotoa ruzuku kwa wanaoanza. Mtu anayetaka kujua kwa nini mgonjwa wa kiharusi huanguka anapogeuka halazimiki kujifanya mtafiti wa malaria ili asikilizwe.

Hata hivyo, kilichonishangaza zaidi nilipofika hakikuwa wingi wa mafungu bali masharti yake. Ruzuku za kuwakuza watafiti wachanga, zile ambazo alama zake huanza na herufi K, kwa kawaida hudai kwamba anayezipata atumie angalau asilimia 75 ya muda wake wa kazi katika utafiti na mafunzo kwa kipindi cha miaka mitatu hadi mitano, na mwajiri wake hulazimika kuthibitisha kwa maandishi kwamba muda huo utaheshimiwa. Fedha za ruzuku ndizo zinazochangia mshahara wake. Mkuu wa kitengo akipungukiwa na watumishi Jumatatu asubuhi, hana ruhusa ya kumwita mtu huyo aje kuziba pengo. Pamoja na hayo, andiko la maombi humtaja kwa jina mwalimu atakayemlea, na wakaguzi humpima mwalimu huyo kama wanavyompima mwombaji: amewahi kulea wangapi, na wako wapi leo.

Yapo pia mafunzo ya kuandika. Hapa Charleston, katika chuo kikuu cha tiba cha jimbo, kuna warsha iitwayo TIGRR, ambayo huwafundisha watafiti wachanga wa utengamao kuandika maombi ya ruzuku chini ya watafiti waliokwisha kuzipata. Kazi ya aina hiyo inafaa kuonwa kwa karibu. Mtu huja na ukurasa mmoja wa malengo ya utafiti wake, ukurasa ambao ameuandika mara nyingi na anaamini umekamilika. Mbele ya wenzake, mkufunzi husimama kwenye sentensi ya kwanza, ile inayosema kwamba utafiti utaboresha maisha ya wagonjwa wa kiharusi, na kuuliza: yataboreka kwa kipimo gani, na yatapimwa baada ya miezi mingapi? Mwandishi akijibu kwa kipimo cha kasi ya kutembea mita kumi, ataulizwa kwa nini kasi, wakati mgonjwa mwenyewe alilalamikia ngazi za nyumbani kwake. Nusu ya asubuhi inaweza kuishia kwenye sentensi hiyo moja. Nilipoona hivyo nilielewa kwa nini maandiko mengi ya kwetu hukataliwa: mawazo yapo, lakini hakuna aliyewahi kutukalisha chini na kutusumbua hivyo.

Sitaki msomaji adhani huku ni peponi. Wengi wanaoomba hukataliwa, na wanaokubaliwa mara nyingi huwa wameomba zaidi ya mara moja. Ajira nyingi za utafiti huisha pale ruzuku inapoisha. Nimewaaga wenzangu wenye shahada za uzamivu waliorudi kuhudumia kliniki kwa kukosa fedha za mwaka uliofuata. Kwa mgeni kuna kikwazo kingine ambacho matangazo hukieleza kwa herufi ndogo: nyingi ya ruzuku hizo za herufi K, na zile za F31 za wanafunzi wa uzamivu, hutolewa kwa raia au mwenye ukaazi wa kudumu, na K99 ni miongoni mwa chache zinazowapokea wasio raia. Kijana anayeacha kazi Masasi akitarajia kuzikuta fedha hizo zikimsubiri atakuwa amekosea hesabu.

Sasa nyumbani. Wafiziotherapia wengi wa kizazi changu tulipitia hospitali ya KCMC, Moshi, mahali ambapo pia mafundi wa viungo bandia wamekuwa wakifundishwa tangu mwaka 1981. Tulirudi tukijua kazi. Lakini mfiziotherapia wa hospitali ya wilaya kusini huwa peke yake au na mwenzake mmoja, na siku yake haina upande wa utafiti hata kidogo. Mgonjwa wa kiharusi huletwa kwa bodaboda akiwa amekaa mshikaki, mbele dereva na nyuma ndugu aliyemkumbatia asianguke. Hufanyiwa mazoezi, ndugu huelekezwa namna ya kumgeuza kitandani, jina huandikwa katika daftari la MTUHA, yaani la takwimu za huduma za afya, kisha huondoka. Wengi hawarudi, kwa kuwa nauli ya watu wawili kila wiki si mzaha kwa familia inayosubiri malipo ya korosho. Daftari huonyesha hudhurio moja na halisemi kitu kingine. Je, miezi sita baadaye anatembea? Anakula kwa mkono wake? Alikufa? Hilo ni swali halali la utafiti, halihitaji mashine yoyote, na anayeweza kulijibu vizuri kuliko mtu mwingine duniani ni yule aliyeshika daftari. Hana siku ya kutoka ofisini kwenda Nanyumbu kuwatafuta.

Wapo watakaosema kwamba kusini hakuna mazingira ya utafiti. Si kweli. Taasisi ya Afya Ifakara na washirika wake waliendesha katika wilaya za Lindi na Mtwara tafiti kubwa kuhusu dawa za kuzuia malaria kwa watoto wachanga, na baadaye kuhusu uhai wa watoto wanaozaliwa, wakitumia watu wa vijijini waliotembea nyumba kwa nyumba. Watu wetu wanajua dodoso ni nini kuliko wakazi wengi wa Dar es Salaam. Ila maswali ya tafiti hizo yalihusu kufa na kupona, na ilikuwa haki yaulizwe kwanza. Mtoto aliyeokolewa siku ya kuzaliwa, kisha akafikisha mwaka bila kuweza kuketi, anakuwa swali la nani? Mafungu makubwa ya Ulaya kwa watafiti wa Afrika yamejengwa kuzunguka UKIMWI, kifua kikuu na malaria, na mtindio wa ubongo haumo katika orodha hiyo.

Mfano unaoniuma zaidi ni konzo. Ugonjwa huu huipoozesha miguu ghafla na kwa kudumu, hasa ya watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, na chanzo chake ni sumu ya sayanidi iliyomo katika muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha, wakati wa ukame na njaa, pale familia inapokosa subira na maji ya kuuandaa kama wazee walivyofundisha. Mwaka 1981 uliwakumba watu zaidi ya elfu moja katika jimbo la Nampula, Msumbiji, na Hans Rosling, daktari kijana kutoka Sweden aliyekuwa akifanya kazi huko, aliufanya kuwa shughuli ya miaka yake mingi ya utafiti. Upande wetu wa mto Ruvuma, konzo ililipuka mkoani Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watafiti wa Kitanzania, wakishirikiana na Howard Bradbury wa Australian National University, waliwafundisha kina mama wa vijiji vilivyoathirika kuulowesha unga wa muhogo kwa maji, kuutandaza kwa tabaka jembamba na kuuacha saa tano kivulini au saa mbili juani ili sumu itoke kabla ya kusonga ugali, na taarifa yao ya mwaka 2011 iligusia pia utengamao wa waliopooza. Kazi hiyo naiheshimu sana. Lakini waliopooza wakiwa watoto sasa ni watu wazima wenye magoti yaliyokaza, mabega yaliyochoka kwa magongo, na baadhi yao bila shaka ni wazazi. Kuwafuatilia watu hao miaka ishirini baadaye ni utafiti wa utengamao ambao mfiziotherapia wa Mtwara angeufanya kwa heshima ya kimataifa. Kwa nini tusubiri Msweden mwingine?

Na hapa nina ugomvi kidogo na sisi wenyewe watu wa kusini, kwa sababu jambo la kumlipa mtafiti abaki kwetu tunalijua. Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, kuna kituo cha utafiti wa kilimo kinachoratibu utafiti wa korosho kwa nchi nzima. Ugonjwa wa ubwiriunga uliposhambulia mikorosho, walikuwepo watu walioajiriwa kwa kazi hiyo tu, waliojaribu salfa, wakazalisha miche bora, wakarudi shambani mwaka baada ya mwaka kuhesabu. Katika makato na tozo za korosho, utafiti wa zao umewahi kuwa na sehemu yake, na mkulima wa Tandahimba, pamoja na manung'uniko yake yote kuhusu makato, haoni ajabu mtafiti kulipwa ili autazame mti. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018, yaliyopeleka ushuru wote wa mauzo ya korosho nje katika Mfuko Mkuu wa Serikali, yalizua mjadala mkali ambao wengi wetu tunaukumbuka. Mkorosho una watafiti wake wa kudumu. Mgongo unaobeba bomba la kuupulizia salfa hauna hata mmoja. Sioni kwa nini halmashauri zetu, vyama vikuu vya ushirika na hospitali za misheni kama Ndanda na Nyangao visiweze kukaa pamoja na kulipia nusu ya mshahara wa mfiziotherapia mmoja kwa miaka mitatu. Ni fedha ndogo kuliko kumsomesha mtu mmoja ng'ambo, ambaye, tuseme ukweli, huenda asirudi. Mimi sijarudi.

Mlango wa nje nao usifungwe. Fogarty, kitengo cha kimataifa cha NIH, kina ruzuku ya K43 kwa watafiti wanaochipukia walio katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na hiyo humlipa mtu akiwa nyumbani. CARTA, muungano wa vyuo na taasisi za utafiti, huwalea wanafunzi wa uzamivu wa Afrika, ila huwachukua watumishi wa vyuo na taasisi shiriki, kwa hiyo mtu wa hospitali ya mkoa huachwa nje. COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, husimamia mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia, MTUSATE, na sijawahi kuelewa kwa nini watu wa utengamao hawaujaribu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 2.4 wana hali ya kiafya inayoweza kunufaika na utengamao, na azimio la Mkutano Mkuu wa Afya Duniani la Mei 2023 limezitaka nchi kuimarisha huduma hizo na utafiti wake. Nukuu ya azimio hilo hukaa vizuri katika utangulizi wa andiko. Lakini asitokee mtu wa kutegemea fedha za Marekani peke yake. Mwaka 2025 NIH ilisitisha utaratibu wa taasisi za Marekani kugawia sehemu ya ruzuku zao washirika wa nje hadi mfumo mpya uwekwe, na miradi mingi ya Afrika ilitikisika kwa waraka mmoja.

Kwa hiyo wadogo zangu wanaoniandikia, haya ndiyo masharti yangu. Nitasoma andiko la yeyote aliye kazini Mtwara au Lindi, na kuna wenzangu wachache hapa waliokubali kusaidia jioni za huku, ambazo huko ni alfajiri. Niletee ukurasa mmoja tu: swali ni lipi, utawapima watu gani, kwa kipimo gani, na baada ya miezi mingapi. Ukiuandika kwa Kiswahili nitausoma, Kiingereza tutakishughulikia baadaye. Ambatisha na barua ya Mganga Mfawidhi wako inayosema kwamba siku mbili kwa wiki hutapangiwa wagonjwa, itaje siku hizo kwa majina, na ieleze nani atashika zamu yako. Ukurasa usio na barua hiyo sitaujibu hadi barua ipatikane, hata kama swali lako ni zuri kuliko yote.