Siku ya utamaduni kule Yulara: nani anaamua mgeni asimuliwe nini?

Kila mara watu wakianza kuzungumzia Uluru, ule mwamba mwekundu wa mita 348 katikati ya Australia, kuna ubishi unarudi, kwamba hizi siku za utamaduni wanazoandaliwa wageni pale rizoti ya Yulara ni za kweli au ni maonyesho tu ya kuwachangamsha watalii. Mi naona swali lenyewe limekaa vibaya, ila kwanza tuone siku ikoje.

Yulara iko kama kilometa 20 kutoka kwenye mwamba, nje ya mpaka wa hifadhi, na mambo yake ni taratibu, hamna kukimbizana. Unatembezwa bustanini unaoneshwa mimea ya jangwani, jua likiwa kali unakaa kivulini unasimuliwa habari za mikuki na vyombo vya mbao, kuna kuonja vyakula vya porini kama unga wa mbegu za mgunga, kuna mafunzo ya kupuliza dijeridu, ile ala ndefu ya mti ulio wazi ndani, na kadhaa kati ya hizo ni bure kwa mgeni wa hoteli. Usiku ukiwa na hela ya ziada unaangalia onyesho la droni zaidi ya 1,000 lililoanza 2023, zinachora angani sehemu ya kisa cha Mala, mababu wa kale wenye umbo la kangaruu wadogo.

Wanaotetea wana hoja nzito na tusiidharau. Bila hizo shughuli wageni wengi wangefika, wapige picha jua likizama, walale, waondoke, na mwenyeji angebaki kuwa jina kwenye kibao. Afu kuna suala la ajira. Mwaka 2011 rizoti ilinunuliwa na Indigenous Land Corporation, taasisi ya serikali inayoshughulikia ardhi kwa ajili ya wenyeji wa asili, na pakawekwa chuo cha kufundisha vijana wa Kiaborijini kazi za hoteli na utalii. Kijana anayekusimulia kuhusu mimea analipwa mshahara kwa kuongea habari za watu wake, na ukikumbuka jinsi Waaborijini walivyokuwa wakifungiwa milango kwenye biashara za nchi yao wenyewe, hilo sio jambo dogo hata kidogo.

Ila hapo kwenye "watu wake" ndo penye shida. Waaborijini sio kabila moja, ni mataifa mengi sana na lugha zao, na vijana wengi wanaofanya kazi pale wametoka pembe nyingine za Australia. Wenyewe wa eneo la Uluru ni Waanangu. Dijeridu unayofundishwa kupuliza ni ya kaskazini, upande wa Arnhem Land, sio ala ya jadi ya Waanangu, na mgeni asipoambiwa anaondoka akiamini amejifunza utamaduni wa jangwa. Ni sawa na mtu aje Ngorongoro achezewe sindimba ya Wamakonde kisha aende kwao akisema ameona ngoma ya Wamaasai. Na kuna ardhi yenyewe: Waanangu walidai fidia mahakamani kwa ajili ya eneo la Yulara na mwaka 2006 wakashindwa. Yaani mwamba walirudishiwa, lakini pale hoteli zilipojengwa hapana.

Sasa linganisha na kipindi cha uchoraji kinachoendeshwa na Maruku Arts, ushirika wa wasanii Waanangu wenyewe uliokuwepo tangu 1984. Mama anakaa chini, anasawazisha mchanga kwa kiganja, anachora kwa kidole huku anaongea Kipitjantjatjara, lugha ya Waanangu, na mkalimani yuko pembeni. Umbo kama herufi U ni mtu aliyeketi, maana ndivyo makalio na mapaja yanavyoacha alama mchangani, na pembeni ya U akiongeza kijiti cha kuchimbia na bakuli la mbao basi huyo ni mwanamke. Duara ndani ya duara yaweza kuwa kambi au dimbwi la maji. Baadae unapewa rangi uchore kisa chako, usiige cha kwake. Wapo wanaolalamika kwamba kwa muda mfupi hivyo utajifunza nini, na kweli utajifunza kidogo, lakini kidogo hicho amekichagua yeye. Tjukurpa, ile sheria na elimu yao ya asili, ina sehemu za wanawake tu, sehemu za wanaume tu, na sehemu ambazo mgeni hasimuliwi hata alipe nini.

Kwa hiyo mimi kipimo changu ni kama mwenye mali ana uwezo wa kusema hapana. Ndani ya hifadhi wanao. Walirudishiwa ardhi tarehe 26 Oktoba 1985 kwa sharti la kuikodisha kwa serikali miaka 99, na miaka mingi waliomba watu wasipande mwamba na watu wakapanda tu, hadi 2017 bodi ya hifadhi, ambayo Waanangu ndio wengi, ikapiga kura na kupanda kukafungwa rasmi 26 Oktoba 2019. Kwenye rizoti nguvu ya namna hiyo siioni, ratiba inapangwa kwa kuangalia kwanza mgeni atafurahi nini, na nani yuko zamu.

Sisemi shughuli za rizoti zifutwe, zinafaa, hasa kwa wazee na wenye watoto wasioweza jua la kutwa nzima. Ila kila msimuliaji aanze kwa kusema ametoka taifa gani, dijeridu itajwe ni ya wapi, na saa moja au mbili za ratiba zihamishiwe hifadhini, kwenye Kituo cha Utamaduni na ile njia ya Mala chini ya mwamba, kwa sababu pale mwenye kisa anasimulia kisa chake mahali kilipotokea, na robo ya kiingilio chako inaenda kwa Waanangu.