Meza ya Mvule Ipakwe Mafuta

Ukipita Ngong Road, Nairobi, utaziona meza zimepangwa kando ya barabara, zinang'aa kana kwamba zimetoka kumwagiwa maji. Hiyo ni vanishi, na mteja huipenda akiwa bado ndani ya gari. Mimi humwomba fundi aniuzie meza kavu, ikiwa imepigwa msasa tu, niipake mwenyewe mafuta ya linsidi, yale ya mbegu za kitani.

Vanishi hukaa juu ya mbao kama ngozi. Maji yakipenya penye mkwaruzo, ngozi hiyo huanza kubanduka, na kuirekebisha vizuri mara nyingi ni kukwangua uso mzima. Mafuta huingia ndani ya nyuzi na kugandia humo. Pakichubuka, unapiga msasa pale pale, unapaka tena, basi. Kwa meza za saipresi za hoteli, zinazofutwa kwa kitambaa chenye maji kutwa nzima, sibishani na mtu: vanishi inafaa zaidi. Lakini mvule wa nyumbani kuufunika hivyo naona ni kuunyima haki yake.

Usichukue mafuta ya kupikia. Ya nazi hayakauki kamwe. Meza itanata na kula vumbi. Linsidi hukauka kwa kushikana na oksijeni ya hewani, ndiyo maana yale mabichi huchukua siku nyingi, hata wiki, na baridi ya Julai huyachelewesha zaidi. Yanayouzwa kama yaliyochemshwa huwahi, kwa sababu mengi yametiwa chumvi za madini za kuharakisha ukaukaji. Hayo usiyapake ubao wa kukatia nyama. Paka kidogo, subiri kama robo saa, kisha futa yote yaliyobaki juu. Wengi huharibu kazi kwa kuona huruma kuyafuta.

Na kile kitambaa cha kufutia, tafadhali, usikikunje ukakitupa kwenye maranda. Mafuta yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjamana kinaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti, usiku, ndani ya karakana ya mabati iliyobanana na nyingine. Kilowekwe kwenye maji, au kitandaze nje kikauke peke yake.

Yetu huwa naipaka Desemba, siku mbili kabla ya safari ya ushago. Tukirudi Januari imekauka, na watoto wanaweza kuegemeza viwiko.