Tintin wa 1931 na Tintin aliyesafishwa

Katika katuni zote za utotoni zinazopitiwa upya siku hizi kwa sababu ya ubaguzi uliomo, inayowauma zaidi Waswahili wa Uganda, hasa jamaa zetu waliotoka Kongo, ni Tintin au Congo ("Tintin Kongo"), kitabu cha safari ya Tintin, mwandishi wa habari kijana. Mchoraji Mbelgiji Hergé alianza kuichora mwaka 1930 katika gazeti la watoto huko Brussels, bila kuwahi kukanyaga Kongo, iliyokuwa koloni la Ubelgiji. Kitabu kilitoka 1931. Humo Tintin anashika chaki katika shule ya misheni na kuwafundisha watoto weusi habari za nchi yao: Ubelgiji.

Mwaka 1946 kikachorwa upya kwa rangi, na somo lile likageuzwa hesabu ya kujumlisha. Midomo minene ya Wakongo haikuguswa, wala kile Kifaransa kibovu walichotiliwa kinywani. Hapo ndipo naona hila. Ukoloni umefutwa, dharau imebaki. Msomaji wa 1946 anaweza kudhani mchoraji alikuwa na utani mbaya tu. Wa 1931 anaona nani alimtawala nani, na utani ule ulikuwa na kazi gani.

Bienvenu Mbutu Mondondo, Mkongo aishiye Ubelgiji, alienda mahakamani kutaka kizuiwe. Mwaka 2012 akashindwa: mahakama haikuona nia ya kuchochea chuki. Kisheria, sawa. Lakini mtoto wa miaka minane hapimi nia ya marehemu. Anaona watu wa sura yake wakichekwa. Hoja hiyo ina uzito, na wanaoshangilia uhuru wa sanaa huipita haraka mno.

Tom and Jerry nayo ilikuwa na mtumishi mweusi ambaye kwa kawaida hatukuona uso wake, miguu tu. Baadaye katika baadhi ya nakala za televisheni akachorwa mzungu. Aibu imepungua, na wanawake weusi waliofagia nyumba zile wakapotea nayo.

Vibanda vya video vya Kampala vina njia nyingine. VJ, yaani msimulizi anayetafsiri filamu papo hapo, hakati filamu. Anazungumza juu yake kwa Kiganda, anamkejeli shujaa, anaongeza yake (pengine kupita kiasi). Mzazi naye anaweza: "Mwanangu, aliyechora haya hakuwahi kufika kwetu."

Ila shule nyingi hapa hujaza rafu kwa vitabu vya msaada kutoka Ulaya, na kwenye rafu hakuna VJ. Huko ningekiondoa kitabu hiki cha Tintin, nimpe mwalimu wa historia wa sekondari. Tena toleo la 1931, likipatikana.